Mlima Uliotakiwa Kulala

Mapera, Mbinga
20 Agosti 2023

Mdogo wangu Egidi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama anakula, analala na anagombana na kuku wa jirani, kwa hiyo jua kwamba ni mzima. Mwanangu Flavia alipanda kutoka kwa mumewe huko Tingi akatuletea usipa wa ziwani, nyumba nzima bado inanuka samaki. Vitalia wa bondeni anakusalimia sana. Anasema chai aliyokuwekea siku ya msiba wa baba imeshapoa, ukija atakupikia nyingine.

Naandika kwa sababu simu haifai. Mtandao unapatikana kwenye kona ya shule tu, na ukiongea pale kijiji kizima kinajibu kabla yako.

Jambo lenyewe ni la furaha. Mahindi ya mlimani kwetu yamekubali kuliko miaka yote. Chama chetu cha wakulima kilipita kata nzima kikakagua mashamba, na kikatutaja sisi wa kwanza. Baada ya misa niliitwa mbele, mimi Schola, mjane mwenye kandambili za rangi mbili, watu wakanipigia makofi. Wale wanaume waliokuwa wakiniita Mama Mashimo walipanga mstari kunipa mkono. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Sasa mwakani ni mashindano ya wilaya nzima. Praygod, bwana shamba wa chama, anataka mahindi yasimame tena pale pale, kwa sababu mlima wetu unaonekana vizuri kutoka barabarani. Lakini wewe unajua zamu yake. Umetoa maharage, umetoa mahindi, sasa unatakiwa kulala. Nyasi ziote, zifyekwe, zilazwe, ndipo tuchimbe mashimo mapya ya ngoro na kuzifukia nyasi ndani ya matuta. Mama kasema ulale. Mimi nimebaki katikati. Baba aliliacha shamba kwa jina lako, kwa hiyo sema wewe.

Na useme pia unakuja lini. Tangu tumzike baba hujaikanyaga Mapera, na kila nikikuuliza unanijibu habari za mvua.

Dada yako,
Scholastica


Kambini, Korogwe
24 Septemba 2023

Dada Schola, shikamoo.

Mama naye mpe shikamoo yake, asichangie hii ya kwako. Mimi sijambo. Mvua huku hakuna. Mkonge ni ule ule, asubuhi tunaukata, mchana tunafunga mizigo, jioni tunachomoana miiba mikononi kama nyani wanaotoana chawa. Mgongo unauma lakini umezoea kuuma.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Yupo Mnyasa mmoja wa Lituhi, anaitwa Mansuetus, tunalala chumba kimoja. Akacheka akasema, "Nyie Wamatengo mnalima ukutani. Ukiangusha jembe unaliokotea kwa jirani." Nikamwambia, "Huo ukuta umetuzwa. Ziwa lenu limetuzwa lini?" Kambi yote ikaangua kicheko, Mansuetus mwenyewe akiwemo.

Nikwambie kweli tupu. Huku mimi siitwi Egidi. Naitwa kwa mstari ninaokata, "wewe wa mstari wa mwisho, njoo." Mnyapara hajui natoka wapi wala hajauliza. Lakini tangu barua ile wananiita Shamba Bora. "Shamba Bora, umeamkaje?" "Shamba Bora, nipe chumvi." Shule niliachia darasa la tano, na kila nilipoitwa mbele ya watu ilikuwa ni kuchapwa. Hii ni mara ya kwanza jina zuri linanishika, hata kama limetoka kwako.

Kwa hiyo lima. Mama ni mtu wa zamani. Mlima hauwezi kufa kwa kukosa usingizi mwaka mmoja, sisi huku tunakosa usingizi kila mwaka na tupo. Tia mbolea, majaji watatazama mahindi, hawatachungulia chini ya tuta. Mimi mwenye shamba nimesema.

Nduguyo,
Egidi


Mapera
3 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Barua yako ilichelewa Songea, niliipata wakati wengine wameshaanza kupanda. Tupo salama. Mbuzi mmoja kazaa mapacha. Flavia ni mjamzito, usiseme mimi ndiye niliyekwambia.

Nimelima kama ulivyosema. Tumechimba mimi na akina mama wanne wa jumuiya. Sasa nisikilize. Unajua kwetu kufyeka nyasi na kuzilaza ni kazi ya mwanaume, mwanamke anafuata nyuma na jembe. Nilimkosa mwanaume, lakini hata ningempata angefyeka nini? Mlima haukulala, nyasi hazikuota. Kulikuwa na mabua ya mahindi na magugu kidogo. Hayo nikayaweka kwenye matuta ya chini, upande wa barabarani. Yale ya juu nimefukia udongo mtupu.

Kwa macho ni mazuri. Praygod alisimama barabarani akasema, "Mama, hili ni kama limechorwa." Mama yetu hakuja kuangalia. Alipita njia ya kanisani amegeuza uso upande wa pili kama mtu anayepita kwenye nyumba wanakogombana.

Njoo hata kwa Krismasi. Zipo nyasi kwenye kingo za mto, wewe na panga lako mngeweza kunisaidia kuyafukua matuta ya juu na kuyatia kabla mvua kubwa haijafika. Si lazima uje na kitu. Njoo na mikono.

Vitalia anakusalimia. Kahawa zake zimechanua, bonde lote linanukia.

Schola


Kambini
14 Januari 2024

Dada yangu Schola, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Krismasi tulikula wali na nyama, mwenye kambi alitoa mbuzi. Mansuetus aliimba nyimbo za Kinyasa mpaka wakamfungia nje. Mimi ni mzima.

Barua yako ilinikuta Krismasi imeshapita. Lakini hata ingewahi nisingekuja. Umeniuliza miaka mingi, leo nitakujibu bila habari za mvua. Nitakuja na nini? Nilipoondoka niliwaambia watu nakwenda kutafuta bati za nyumba ya baba. Baba amekufa chini ya paa la nyasi. Siku ya msiba nilikaa nyuma ya nyumba, sikunywa hata hiyo chai ya Vitalia, kwa sababu kila aliyenipa pole alitazama paa kwanza.

Ukishinda nitakuja. Nakuahidi. Mwezi wa nane, siku ya kutoa tuzo Mbinga mjini, nitasimama pale na shati jipya, na watu watakuwa na kitu kingine cha kutazama. Hayo matuta ya juu yaache, mwaka jana mvua zilikuwa za kawaida na mwaka huu zitakuwa za kawaida. Usijitie hofu.

Ukishinda tu.

Egidi


Mapera
15 Machi 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Majaji walikuja mwisho wa mwezi wa pili. Waliyaona mahindi kutoka barabarani na walitembea kidogo kwenye matuta ya chini. Juzi Praygod kaniletea habari: tumeshinda wilaya. Tuzo ni siku ya wakulima, mwezi wa nane.

Mama ana mafua. Mapacha wa mbuzi wanakua.

Mvua imenyesha sana.

Schola


Kambini
7 Aprili 2024

Dada, shikamoo! Shikamoo tena! Mpe Mama nyingine!

Niliposoma niliruka mpaka kofia ikaanguka. Wenzangu walininyanyua wakanizungusha kambini, mgongo huu mbovu ukasahau kuuma. Mnyapara akatoka akauliza kuna nini. Wakamwambia, "Huyu shamba lake ni la kwanza wilaya nzima." Akaniangalia, dada. Akaniuliza, "Unaitwa nani vile?" Nikamwambia, "Egidi Ndunguru." Akalirudia.

Nimeomba ruhusa ya mwezi wa nane. Shati nimeshalichagua kwa macho.

Lakini barua yako ni fupi kama ya mtu anayedaiwa. Mtu anashinda wilaya anaandika habari za mafua? Na nimeisoma mara nyingi nikitafuta salamu za Vitalia, sijaziona. Hajawahi kukosa hata barua moja. Anaumwa? Mmegombana? Niambie.

Egidi


Mapera
19 Mei 2024

Mdogo wangu Egidi,

Mama amepona. Flavia kajifungua mtoto wa kike, wamempa jina la Mama yetu, Restituta. Hayo ndiyo mazuri niliyo nayo.

Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza niliishia kwenye salamu. Leo sitaanzia mbali.

Siku chache kabla ya Praygod kuniletea habari, mvua ilinyesha mchana kutwa. Ilikuwa Ijumaa, tulikuwa kanisani kwenye njia ya msalaba. Kawaida ngoro zinapokea maji kama vikombe, yanazama polepole, kwa sababu zile nyasi zilizofukiwa zinalishika tuta. Matuta yetu ya juu hayakuwa na kitu ndani. Shimo la juu lilipasuka likamwagia la chini yake, nalo likapasuka likamwagia lingine. Tulisikia mlio tukafikiri ni lori limeanguka. Tulipotoka nje, katikati ya mlima palikuwa pamechanika kutoka juu mpaka chini, na mahindi yote ya katikati yalikuwa yamekwenda.

Yamekwenda kwa Vitalia, Egidi. Udongo wetu umeingia kwenye kahawa zake. Zile za mbele zimefunikwa mpaka juu, zile za nyuma zimelazwa. Ni kahawa alizopanda na marehemu mumewe. Zilikuwa na punje za kijani, kubwa, zinasubiri kuiva tu.

Nilikwenda nikapiga magoti kwenye tope. Nilitaka anitukane. Akasema, "Schola, si ungeniambia huna nyasi? Kwangu zipo, ningekupa." Basi. Akachukua beseni akaanza kuchota udongo. Ninakwenda kila siku kumsaidia. Tunachota hatuongei. Nikimpa salamu anaitikia, lakini hakuna tena jambo analotuma kwako.

Majaji walikuwa wameshapita. Praygod anajua. Nilimpeleka akaona, akakuna kichwa. Akasema, "Mama, picha tulishapiga mwezi wa pili na majina yameshapelekwa. Mlima wako siku ile ulikuwa mzima. Nyamaza, uchukue tuzo." Nikamuuliza Vitalia kama atakwenda kusema. Akajibu, "Nikisema wataniambia nina wivu. Kasema nani kwamba mimi nataka tuzo yako?"

Sitaki kwenda Mbinga. Siku ile ya kwanza walinipigia makofi na nilistahili, mikono yangu ilijua. Hii ya pili nitaipokea na mikono ipi? Hii hii inayochota udongo wangu kwenye kahawa ya mtu? Nataka nimwambie Praygod afute jina. Niambie kwamba umeelewa.

Dada yako


Kambini
9 Juni 2024

Dada Schola, shikamoo.

Nimefurahi kwa mtoto. Mama mpe hongera ya kupata wa jina lake.

Nimeumia kwa ajili ya Vitalia. Nasema hivyo na ni kweli. Lakini kahawa hufufuka, ikikatwa inachipua. Mvua ni ya Mungu, hakuna aliyeifungulia bomba.

Jina lisifutwe. Unataka niwaambie nini hawa watu? Mnyapara ananiita Ndunguru sasa. Juzi alinitoa mstari wa mwisho akaniweka karibu na barabara, ambako mzigo haubebwi mbali. Kwa ajili ya mlima ule. Niende nikamwambie umeporomoka? Mansuetus ataanza upya na ukuta wake.

Siku majaji walipoliona, shamba lilikuwa zuri. Hilo si uongo. Jina la nyumba yetu lisianguke mbele ya wilaya. Nenda. Mwenye shamba ni mimi na nasema nenda.

Mimi mwenyewe ruhusa imeingia mashaka. Naona sitaweza kufika mwezi wa nane. Kazi ni nyingi.

Egidi


Mapera
12 Agosti 2024

Mdogo wangu Egidi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama ni mzima, mtoto wa Flavia anacheka. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, asubuhi tunaota moto na kukohoa.

Nimekwenda. Nilivaa kitenge kile cha harusi ya Flavia. Mbinga mjini palijaa, kulikuwa na ngoma, na watu wa kutoka vijiji vyote mpaka kule ziwani. Walioshinda tulikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Pembeni yangu alikaa mzee wa maharage, amejaa furaha, ananiambia, "Mama, mimi mke wangu hataamini." Nilimwonea wivu yule mzee. Yake ilikuwa ya kweli.

Kila mshindi anapewa cheti na bango la bati la kusimika shambani. Vyeti vilikuwa na majina, lakini mabango alikuwepo fundi anayaandika pale pale, mbele ya watu. Wakaniita. Yule mwenye kipaza sauti akaniuliza, kwa sauti ya utani, "Mama, hebu tuambie wilaya nzima isikie, siri ya mlima wako ni nini?" Akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

Nikasema, "Shamba si langu. Ni la mdogo wangu, Egidi Ndunguru. Mama yetu alisema mlima ulale, yeye akasema ulimwe. Mwezi wa tatu umeporomoka, umefunika kahawa ya jirani. Bango andikeni jina lake."

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Mama mmoja alipiga vigelegele. Yule mtu akachukua kipaza sauti chake akasema, "Mnaona adabu ya wanawake wetu? Ameshinda, na bado anamtanguliza ndugu yake, na matatizo hayafichi!" Fundi akaandika. Nikapigwa picha.

Vijana wa chama wamelisimika wiki hii. Nimewaonyesha mimi mahali pa kulisimika. Lipo penye njia ya kanisani, juu ya korongo, pale udongo ulipoanzia kushuka. Ukisimama kwa Vitalia ukiinua macho unalisoma bila shida: SHAMBA BORA LA MAHINDI. MKULIMA: EGIDI NDUNGURU. Herufi ni nyekundu, kubwa. Watoto wanaojifunza kusoma wanalisoma kwa sauti wakipita, na Vitalia yuko chini anachota.

Sijafanya kwa hasira. Ulisema niende, nimekwenda. Ulisema jina lisianguke, nalo limesimama. Cheti nimekiweka kwa Mama. Hajakifungua.

Kahawa kumi na moja zimechipua. Nyingine bado hatujazifikia.

Scholastica


Kambini
1 Septemba 2024

Dada Schola, shikamoo.

Sijambo, na nimeipata.

Walikuwa wananisubiri kambini waisikie, kwa hiyo nilisoma kwa sauti kama kawaida yangu, sikuwahi kuipitia kwanza. Nilipofika kwenye jina langu wakapiga makofi, kama wale wa Mbinga. Nikaendelea kusoma. Ningeweza kukunja karatasi hapo. Ulimi ukaenda tu, nikasoma korongo, nikasoma watoto wa shule, nikasoma Vitalia anachota. Makofi yakaisha yenyewe.

Nikamngoja Mansuetus aseme la ukuta. Aliniuliza, "Sasa unasimama hapa kufanya nini, Egidi?" Ameniita Egidi.

Nilikudanganya kuhusu ruhusa. Ilitoka tangu mwezi wa saba, mimi ndiye niliyemrudishia mnyapara karatasi yake. Leo asubuhi nimekwenda kwake tena, sikuomba ruhusa, nimeaga. Akasema, "Ndunguru, ukiondoka mstari wa barabarani anapewa mwingine." Nikamwambia ampe.

Bango msiling'oe. Nitalikuta. Shati sikununua na bati sina, nitafika nikiwa hivi nilivyo.

Mvua za kwanza hazijaanza huko, najua. Mwulize Vitalia kama atakubali nianzie kwake, kuchota, na nyasi za kingo za mto nizilaze upande wake kwanza, kabla ya kugusa mlima. Mwulize mchana, Mama akiwepo. Akikubali, niandikie. Akikataa, niandikie pia, usinifiche, lakini barua hiyo haitanikuta, nitakuwa nimeshapanda basi.

Mdogo wako,
Egidi